Kapteni wa Banda la Moshi

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Siku Mungu alipogawa bahati kule kwetu Rorya, mimi nilipanga foleni mara mbili na hakuna aliyenishtukia. Zadok Ogweno, umri miaka arobaini na minane, mvutaji wa miaka thelathini na miwili, nimeacha sigara jana saa nne asubuhi. Nimeacha kama mtu anavyoshuka melini: mguu wa kwanza, mguu wa pili, kwaheri. Wengine huachishwa kwa vidonge, wengine kwa maombi ya siku saba na wachungaji watatu, wengine kwa jeneza. Mimi ni bahati tu. Leo nimeamka nikajikagua kama gari: mikono haitetemeki, kichwa hakiumi, na ladha yenyewe siikumbuki.

Kitabu hiki amenipa binti yangu Akinyi. Ni daftari la kaunta, jalada gumu. Alisema, "Baba, mkono ukikosa sigara utatafuta kazi. Upe kalamu." Akinyi ana miaka kumi na tisa na alifika kidato cha pili. Ananizidi madarasa matatu, lakini mimi namzidi nchi mbili, maana Kenya na Uganda nimezifikia kwa meli, nikiwa mpishi. (Nilikuwa naosha sufuria. Lakini sufuria nazo zilifika Kisumu.)

Ana pumu tangu mdogo. Mama yake alipofariki alilelewa na bibi yake, na mwezi uliopita amekuja kwangu Mwanza kusoma taipu kule Mirongo. Cheti kinatoka Machi. Alipofika alisema neno moja tu: "Baba, nitakaa na wewe, lakini siwezi kulala nyumba moja na moshi." Nikaapa mbele yake na mbele ya Sista.

Sista ni tajiri yangu, Dorotea Kashindye. Alikuwa muuguzi wodi ya kifua kikuu miaka ishirini na sita. Serikali ilipopunguza watu, alichukua kiinua mgongo chake akafungua baa hapa Buzuruga, akaweka sheria ambayo sijaisikia bandari yoyote: ukumbini hapavutwi sigara. Mwenye kiu ya moshi anatoka nyuma, kwenye banda la nguzo nne za mirunda, mabati sita na mabenchi mawili. Msimamizi wa banda ni mimi.

"Yaani fisi kapewa zizi," alisema Machibya, fundi baiskeli.

"Fisi ameacha nyama," nikamjibu.

Akinyi na mimi tunalala vyumba vya nyuma, na katikati yetu ni stoo ya kreti. Kuta za huku hazifiki kwenye bati. Nikipiga chafya kwangu, Akinyi anasema "pole, baba" kutoka kwake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tangazo la Sista liko mlangoni kwa rangi nyekundu: NDANI HAPAVUTWI. MVUTAJI APITE NYUMA. Watu wanalisoma, wanarudi barabarani kutazama kama wamekosea nyumba.

"Baa bila moshi ni kanisa," Machibya alilalamika.

"Kanisani hawauzi bia," Sista akamwambia. "Kaa, au pita nyuma."

Mji umeshatupa jina. Tunaitwa Wodini. "Twende Wodini tukatundikiwe dripu," wanasema, dripu ni bia. Sista anajua wala hakasiriki. Anasema wodi yake ya zamani watu hawakuwa wanacheka.

Na mimi banda nimelipa jina: Meli. Lina moshi, lina abiria, lina kapteni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo amepanda adui. Anaitwa Masele, wakala wa pamba, hawa wapya waliozaliwa tangu watu binafsi waruhusiwe kununua. Pikapu nyeupe, saa inayong'aa, tumbo la mtu anayelala vizuri. Alikaa meza ya karibu na mlango wa nyuma, akatoa sigara, akaiweka mdomoni. Nikamrukia kama trafiki.

"Mzee, ndani hapavutwi."

"Mimi navuta?"

"Iko mdomoni."

"Na wewe meno yako yako mdomoni. Nimekuuliza unamng'ata nani?"

Ukumbi ulicheka mpaka Sista akachungulia. Nilitazama vizuri: haikuwa imewashwa. Alikaa nayo saa mbili nzima, huku anakula nyama upande wa pili wa mdomo. Mtu wa hivyo anasubiri ugeuke. Mimi nimekaa na watu wa bandari, mtu wa magendo namjua kwa kutulia kwake. Nimemtia alama.

15 Oktoba

Mvua. Nimepanga kreti stoo.

16 Oktoba

Mvua. Nimepanga kreti.

Jumapili, 19 Oktoba

Redio inasema mvua hii ina jina, Elnino, na imetoka bahari ya mbali huko Amerika. Machibya anauliza kama imelipia ushuru forodhani.

Akinyi anaendelea vizuri. Asubuhi anakwenda Mirongo kwenye taipu, saa nane mpaka saa kumi anapumzika chumbani, saa kumi anavaa aproni na kuhudumia. Meza ikimletea ubishi anaigongea vidole kama anapiga taipu, na walevi wanatii. Leo alinisogelea akaninusa shati.

"Baba, unanuka sigara."

"Mwanangu, nashinda na wavutaji ishirini. Anayekaa na wavuvi atanuka marashi?"

Akacheka, akasema kweli. Nilijisikia vizuri, kisha nikajisikia vibaya kidogo, kisha nikaenda kupanga kreti.

Jumapili, 26 Oktoba

Pumu imempiga Akinyi. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua imefunga madirisha yote. Nilisikia kifua chake kinapiga filimbi kama birika. Sista alikuja mbio na vidonge vyake, akamkalisha kitako, akamwinamisha mbele juu ya mgongo wa kiti, akamwambia, "Toa hewa polepole, binti. Usiivute. Itoe, itakuja yenyewe." Nusu saa nzima. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji ambacho hakuna aliyekiomba.

Baadaye Sista aliuliza nani alikuwa amekaa meza ya nyuma saa tisa. Mimi sikuhitaji kufikiri. Masele. Na kitu chake kilikuwa mdomoni kama kawaida.

"Ulimwona amewasha?"

"Sista, mtu haendi mtoni na ndoo kutazama samaki."

Aliniangalia, akarudi kwa Akinyi.

28 Oktoba

Mvua. Nimepanga kreti. Machibya anasema kreti za Wodini zinapigishwa gwaride kuliko jeshi.

Jumapili, 2 Novemba

Siku hii ingestahili kupigwa picha. Upepo ulitoka ziwani kama umetumwa, ukaondoka na mabati mawili ya Meli, moja likaenda kutua stendi ya mabasi. Abiria wangu kumi na wanne walibaki wanalowa, kila anayewasha sigara inazimwa na tone. Wengine wakaanza kusogelea ukumbi. Nikasimama mlangoni, nikapanua mikono.

"Kapteni, tuna haki zetu! Vyama vingi vimekuja!"

"Vyama vingi viko huko, humu kuna chama kimoja na mwenyekiti wake ni Sista."

Ndipo nikapata wazo, na niseme ukweli, lilikuwa wazo kubwa. Kule kwetu ufukweni, mama yangu alivuta moto ndani. Maana yake, anawasha sigara, anavuta mara mbili, halafu anaigeuza kwa ulimi, moto unaingia kinywani na kipande cha nyuma kinabaki nje. Anafunga midomo. Wanawake wengi wa kwetu wa umri wake walivuta hivyo, na wavuvi pia, maana ziwani upepo haukupi nafasi. Ukikutana naye njiani ungedhani amebana kijiti. Alikuwa anasuka kikapu, anamkaripia mtu, anasali, na moto umo ndani.

Nikawafundisha. Niliwaonyesha kwa kijiti cha kiberiti kisichowashwa, maana mimi nimeacha. "Ulimi chini kama mkeka. Usimeze mate. Na ukiwa na moto ndani, usifungue kinywa hata ukiitwa na mama mkwe."

Machibya alikuwa wa kwanza. Alifaulu vizuri kabisa, mpaka Akinyi alipopita na sinia akamsalimia, "Shikamoo mzee Machibya," na yeye, mtu wa adabu, akafungua kinywa kuitikia marahaba.

"Mayu!" Alimwita mama yake kwa Kisukuma, kwa yowe lililosikika stendi. Akaruka juu ya benchi, akakinga ulimi mvuani kama mbwa. Hata Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Masele naye alicheka, ndani, kavu, sigara yake mdomoni.

Ni mimi niliyewaletea watu kumi na wanne furaha siku ya dhoruba. Andika hilo, kalamu.

Jumatano, 5 Novemba

Mabati yamerudi. Tumeyagongelea na kuweka mawe juu.

Jumamosi, 8 Novemba

Limekuja gari la kampuni moja ya sigara, limepakwa rangi kama arusi, spika juu, wasichana wawili wenye fulana mpya. Kijana mwenye tai alimwambia Sista: watatupa miavuli mikubwa kumi, friji, na kutupakia rangi baa nzima. Sharti ni tangazo la mlangoni litoke.

"Mwanangu," Sista akamwambia, "unafahamu kitanda cha wodi ya kifua kina vifundo vya chuma vingapi?"

"Hapana, mama."

"Mimi nafahamu. Wagonjwa walikuwa wanavishika wakitafuta pumzi. Miavuli yako ni mizuri. Peleka ng'ambo."

Wakapeleka ng'ambo ya barabara, kwenye baa yenye dishi la kuonyesha mpira wa Ulaya. Saa kumi na moja jioni abiria wangu sita walivuka barabara wakakaa chini ya miavuli, wananipungia mkono. Wasaliti. Nikawapungia na mimi, maana ni rafiki zangu.

13 Novemba

Mvua. Wateja saba. Nimepanga kreti.

14 Novemba

Mvua. Wateja watano, mmoja alikuja kujikinga tu. Kreti.

Jumapili, 23 Novemba

Pumu tena, saa tisa tena. Safari hii kucha zake zilikuwa na rangi ya samawati. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, naogopa."

Mwanangu haogopi vitu. Akiwa na miaka saba alitoa nyoka jikoni kwa koleo.

Nikatoka pale na hasira ya kutafuta mahali pa kutua. Masele alikuwa meza ya nyuma. Nikamshika kola mbele ya watu.

"Unamuua mtoto wangu!"

"Niache shati, Ogweno. Nimefanya nini?"

"Unavuta! Nimekuona! Nimekuona kwa macho yangu haya umewasha!"

Sikumwona. Lakini nilisema nimemwona, na nilipolisema mara ya pili nikaanza kuliona. Sista alikuja akasimama katikati yetu.

"Zadok. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Mzee Masele, nisamehe. Kwa sasa usije."

Masele alitoa sigara mdomoni, akaitazama, akairudisha mfuko wa shati taratibu kama mtu anayeweka miwani. "Sawa, Sista. Binti apone." Akaondoka mvuani bila kukimbia.

Kwa nini nahangaika hivi? Nimeshinda, adui ametoka. Nimezunguka uani mara kumi, nimekaa, nimesimama. Nimeandika ukurasa huu nimesimama.

Jumatatu, 1 Desemba

Nakwenda Rorya, mjomba wangu amefariki. Barabara imekatika mahali pawili, tutatembea.

Jumapili, 7 Desemba

Nimerudi. Akinyi ananiambia siku zote sita amelala kama mtoto mchanga, hajameza hata kidonge. Mashavu yamerudi. Si mnaona? Masele katoka, hewa imesafika. Nimemwambia kila mtu aliyeingia leo, na wawili waliopita tu barabarani.

Sista alikuwa anapangusa glasi. "Wiki nzima hakuumwa," alisema.

"Kwa sababu Masele hayupo."

"Masele alitoka tarehe ishirini na tatu. Jumatano yake na Ijumaa yake binti alipiga filimbi kidogo. Ulikuwepo, umesahau?"

"Labda moshi ulikuwa haujaisha ukumbini."

"Labda," akasema, akaendelea na glasi ile ile.

9 Desemba

Filimbi kidogo alasiri. Basi ni Elnino. Unyevu.

Jumamosi, 13 Desemba

Wateja wamefika na barua, wamesaini thelathini, wanaomba tangazo litoke. Machibya aliileta, ana aibu. "Kapteni, usinichukie. Hata mwenyewe unaona, sheria ipo na mtoto bado anaumwa. Sasa sisi tunalowa kwa faida ya nani?"

Nimepanga kreti mara mbili.

Jumatano, 17 Desemba

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu ulimi unaniuma. Nimejiunguza na chai.

Saa tisa kasoro, mvua ya mawe juu ya bati. Nilikuwa stoo, napanga kreti. Kelele za mvua zilikuwa nyingi, sikusikia kitu. Nilipotoka nikamkuta Akinyi sakafuni mlangoni kwake, amekaa, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, kinywa wazi, na hakuna filimbi. Sista ananiambia baadaye kwamba filimbi ikinyamaza ndiyo mbaya. Akinyi aliniangalia mimi. Macho yake yalikuwa yananiuliza kitu.

Sista alimpiga sindano, haikutosha. "Hospitali," alisema, "sasa hivi." Gari gani? Barabara ilikuwa mto. Teksi za stendi zimejificha. Nilikimbia mvuani nikasimama katikati ya barabara na mikono juu, kapteni asiye na meli, na gari lililosimama lilikuwa pikapu nyeupe.

Masele alifungua mlango. Alishuka, akambeba Akinyi begani kama robota la pamba, akamweka mbele kwenye kiti, akasema, "Sista, ingia. Ogweno, panda nyuma." Nilipanda nyuma. Mvua ilinipiga njia nzima na niliona ni haki yake.

Amelazwa. Yuko na oksijeni.

18 Desemba

Anapumua. Daktari anasema angechelewa dakika chache zaidi, tungemzika.

Dakika chache.

19 Desemba

Kitandani kwake vifundo ni kumi na sita.

Jumamosi, 20 Desemba

Akinyi ametoka hospitali, yuko chumbani kwa Sista. Sista alituita mimi na yeye.

"Binti, mimi hapa nimeshindwa," alisema. "Nimeweka sheria, nimepoteza wateja, nimemfukuza mtu, na bado umefika mlango wa kaburi chini ya bati langu. Siwezi kukulaza tena hapa. Tarehe ishirini na nne asubuhi kuna basi. Rudi kwa bibi yako."

"Na taipu?" Akinyi aliuliza. "Cheti ni Machi, mama."

"Cheti hakisomwi na maiti. Na mwaka mpya ukifika tangazo nalitoa. Kama halikingi mtu, linakera watu bure."

Akinyi hakulia. Aligonga vidole juu ya goti, taratibu, herufi moja moja.

Sista akanigeukia. "Nimelaza watu wa kifua miaka ishirini na sita, Zadok. Hakuna kikohozi kisicho na mwenyewe. Una la kusema?"

Nikasema nina huzuni. Nikasema mambo mengine pia, mazuri, kuhusu Mungu. Nikatoka.

Jumapili, 21 Desemba

Sikupanga kreti.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimekwenda kwa Masele, ofisini kwake, chumba kimoja kilichojaa magunia na mizani. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu ya kumshukuru kwa pikapu. Nikasema, "Mzee Masele, nilikukosea."

"Najua."

"Sikukuona umewasha."

"Usingeweza kuniona." Akatoa sigara mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, imekunjamana, karatasi imechanika na tumbaku karibu yote imemwagika. "Hii ni ya Pasaka. Siku ile mke wangu alijifungua mtoto njiti, nikaambiwa nisiingie wodini na pumzi ya moshi. Nikaacha. Mdomo ukakataa, nikaupa hii uchezee. Tangu Pasaka ni hii hii moja. Inanuka mate, hata panya haitaki."

Nilicheka. Sikutarajia kucheka. Nikasema, "Basi nipe na mimi nijaribu."

"Hii siwezi, Kapteni, hii ni kama mke wa pili. Tafuta yako." Halafu akaacha utani. "Ulimi umepona?"

"Chai ilikuwa ya moto."

"Mimi nilivuta miaka ishirini. Siku ile ulipanda nyuma ya pikapu, ulikuwa unatema mate meusi. Chai gani hiyo?"

Nikasukuma kwa kidole mizani iliyokuwa inaning'inia tupu.

"Mbona hukumwambia Sista?"

"Ningesema mimi, ungeapa. Wewe kuapa unaweza, nimekuona. Na yule mtoto angemwamini nani, mnunua pamba au baba yake? Baba yake." Akairudisha sigara yake mfukoni. "Basi linaondoka keshokutwa, Ogweno. Usinishukuru tena."

Jumanne, 23 Desemba

Mvua imekatika tangu asubuhi. Bati linatoa mvuke. Akinyi anakunja nguo chumbani kwa Sista, nasikia mfuniko wa sanduku unafunguka na kufungwa, anatafuta namna ya kuingiza lile taipu la kufanyia mazoezi ambalo Sista alimwazima, halafu anakumbuka kwamba si lake.

Akinyi mwanangu, kitabu hiki nitakiweka juu ya sanduku lako nikimaliza kuandika. Uliniambia hutakisoma mpaka nikupe. Sasa nakupa. Msomee na Sista, kwa sauti, na Machibya akiwepo usimfukuze.

Kila mahali nilipoandika nimepanga kreti, kreti zilikuwa zimeshapangwa. Niliingia stoo, nikafunga mlango, nikawasha, nikageuza moto ndani kama bibi yako, ili anayepita asione cheche. Moshi niliutoa juu, na juu hakuna ukuta. Wewe ulikuwa umelala upande wa pili. Nilichagua saa yako ya kupumzika kwa sababu ndiyo saa ambayo usingenikuta.

Tarehe kumi na saba nilikusikia. Mvua haikunizuia kusikia. Uligonga ukuta wa stoo mara tatu kwa mkono, na mara ya nne ukasema "baba". Nilitaka kuitika na kinywa changu kilikuwa na moto. Nilisimama pale nimefunga midomo, mimi niliyemcheka Machibya alipofungua kinywa kukuitikia, nikitafuta pa kuutemea nisionekane, na nikauzima kwa ulimi, na nikafuta mate, na nikaficha kipisi chini ya kreti, ndipo nikafungua mlango. Hizo ndizo zile dakika za daktari.

Wewe usipande basi. Anayetakiwa kutoka ni mimi. Godoro langu nimelifunga, Machibya ananipa pembe moja ya banda lake la baiskeli kule Buswelu, na nimemwambia sababu. Kazi ya kusimamia banda nitamwachia Sista aamue. Lakini mwambie tangazo asilitoe. Lilikuwa linakinga. Aliyelitoboa alikuwa amepewa zizi kulilinda.

Masele nitamwomba radhi mbele ya ukumbi, hata wakinicheka. Hasa wakinicheka.

Sijui kama kesho nitavuta. Nikikuahidi utajua thamani yake, kwa hiyo siahidi.

Na lile la ukurasa wa kwanza lifute. Sikuacha sigara tarehe nne Oktoba. Sikuacha hata siku moja.